Joséline na Simu Iliyojifunza Kiswahili

Kwa muda mrefu simu ya Joséline ilisoma Kiswahili kama padri mgeni katika wiki yake ya kwanza parokiani. Ilitamka kila neno kwa kujiamini, na karibu kila neno ilikosea. Mteja akimwandikia "naomba sweta mbili za kijani," simu ilitoa sauti za puani za Kizungu ambazo hata yeye aliyeizoea alilazimika kuzisikiliza tena na tena, kichwa amekiinamisha, ndipo aokote humo "sweta" na "kijani". Ile "mbili" ilimponyoka.

Na Joséline hakuwa mtu wa kukosea idadi ya sweta. Alikuwa mfumaji. Nyumba aliyopanga na mama yake, Thacienne, pale Makanyagio ilikuwa na chumba cha mbele kinachotazama njia, na humo ilikaa mashine yake ya kufuma, ndefu kama meza ya kulia chakula. Alifuma sweta za shule: za bluu, za kijani, za damu ya mzee. Oda nyingine zilitoka Mpanda hapo hapo, na nyingine zilitoka Sumbawanga, ambako watoto wanaamka na baridi kweli. Macho hakuwa nayo. Rangi alizitofautisha kwa vikapu, na mishono aliihesabu kwa ncha za vidole, haraka kuliko wewe unavyohesabu kwa kutazama.

Upofu ulimjia kwa surua, akiwa bado hajaanza shule, kule Katumba, kwenye makazi waliyofikia babu na bibi yake kutoka Burundi. Wapo majirani waliomshauri Thacienne amfungie ndani mtoto, asije akaumia. Thacienne alimfunga mtoto kitenge kiunoni, akashika ncha ya pili, akaenda naye shambani, kisimani na kanisani, mpaka mtoto akazijua njia zote za kijiji kwa nyayo. Baadaye alimpeleka shule ya bweni ya wasioona, mkoa mwingine kabisa, akarudi kwenye gari analia. Joséline alirudi kutoka huko na nukta nundu, na ufundi wa kufuma, na ulimi usioogopa mtu.

Sasa alikuwa mwanamke mzima mwenye wateja wake, lakini jambo moja lilimkera kuliko upofu wenyewe: barua zake zote zilipita kwanza mikononi mwa watu. Simu ikishindwa kusoma, alimwomba mama. Mama alijifunza kusoma ukubwani, akasoma polepole, herufi kwa herufi, sufuria ikaungua. Mama asipokuwepo, alimwomba jirani yao Goreth, na Goreth alikuwa na sauti ya mnadani. Siku moja mwanaume fulani wa Misunkumilo, aliyempenda Joséline kimya kimya, alijikaza akamwandikia maneno matamu. Goreth aliyasoma yote, kwa sauti, hadi mwisho, na wapangaji wa ua mzima wakapiga makofi. Yule mwanaume hakuandika tena.

"Jamani, Goreth," Joséline alisema, uso umemwaka moto. "Si ungenong'ona?"

"Ningenong'onaje, na maneno mazuri vile?"

Joséline alicheka na wengine. Lakini usiku ule aliweka simu kwenye mto wa kitandani, akajiuliza ni lini itamsomea yeye peke yake, kwa lugha yake.

Habari ilikuja kupitia kundi la sauti, kundi la wasioona wa mikoa mbalimbali ambao hawaandikiani bali wanatumiana maneno ya kurekodi. Mmoja wao alisema kwamba kampuni iliyotengeneza simu za aina hiyo inaandaa mfumo mpya, na katika mfumo huo msomaji wa skrini, ile sauti inayowasomea wasioona kilichoandikwa kwenye kioo, ataongea Kiswahili. Mfumo haujatoka rasmi. Umetolewa kwa majaribio tu, beta, kwa anayejiandikisha mwenyewe na kukubali kwamba unaweza kumharibikia.

Joséline hakungoja hata kunywa chai. Alichukua fimbo yake akaenda kwa Masunga.

Masunga alikuwa fundi simu, kibanda chake kikiwa mitaa michache kutoka kwake. Kwao walikuwa wafugaji, Wasukuma waliohamia Katavi na ng'ombe wao, na baba yake bado alisikitika kwamba kijana aliyejaliwa mkono mtulivu vile anautumia kwenye bisibisi za simu badala ya kuzalisha ndama. Alikuwa mtu wa maneno machache. Wateja wengine walidhani anaringa.

"Kaka Masunga, nataka uniwekee beta," Joséline alisema, hata kabla hajakaa.

Masunga aliweka chini alichokuwa ameshika. "Kwenye simu hiyo?"

"Ninayo nyingine?"

"Basi hapana."

"Hapana kivipi?"

"Dada Joséline, nikikuwekea hiyo, halafu ikakataa kuongea, utafanya nini? Mimi kikizima kioo changu, nina macho. Wewe sauti ikikata, umekatiwa dunia. Wateja wako wako humo, mama yako yuko humo. Beta ni chakula kinachoonjwa jikoni. Kinaweza kuwa kizuri, kinaweza kukuumiza tumbo. Hakipelekwi mezani."

Joséline hakupenda kuambiwa hapana, lakini alitambua kuwa ameambiwa ukweli.

"Sasa mimi nifanyeje? Ningoje tu, wajaribu wenzangu wanaoongea Kizungu, halafu Kiswahili changu kije kimekosewa?"

Masunga akavuta droo ya chini, ile ya simu zilizokufa. Akapekua. Akatoa simu moja ya aina ile ile, kioo chake kimepasuka kama utando wa buibui. Mwenye simu aliitupa kwa sababu picha hazikuonekana.

"Hii inasikia kidole," alisema. "Ila kioo ndiyo hivyo. Hakuna anayeitaka."

Joséline aliipokea, akapitisha kidole gumba juu ya nyufa, akaanza kucheka. "Kaka, kwani mimi kioo nakitazama?"

Masunga naye akacheka, jambo ambalo halikutokea mara nyingi pale kibandani. Alibandika karatasi laini ya nailoni juu ya nyufa zisimkate vidole, na kazi ikaanza.

Hata kwa simu ile ya kutupwa, hakukubali haraka. Kwanza alitaka bakapu, yaani nakala ya kila kitu kilichomo, ihifadhiwe kwenye laptopu yake, sehemu ambayo nakala mpya haiwezi kuifuta. Joséline aliuliza kwa nini, na simu yenyewe haina kitu. "Tuizoee njia," Masunga alisema, "siku ikiwa na kitu tusibabaike." Kisha simu ikajazwa chaji, laptopu ikajazwa chaji, na kwa sababu mtandao mchana ulijikokota, walikubaliana kukutana alfajiri, watu wengi bado wamelala na mtandao ni mwepesi. Thacienne alimsindikiza binti yake na thamosi ya chai, akakaa kwenye benchi la kibanda bila kuelewa kinachopikwa.

Jua lilikuwa limeshatoka simu ilipomaliza. Ilizima, ikawaka. Masunga alichagua lugha, akamkabidhi. Joséline aligusa kioo.

"Ujumbe," simu ikasema.

Ilisema kwa sauti ya mwanamke. Haikusema kwa pua. Ilisema "ujumbe" kama vile angesema mtu anayekaa nyumba ya tatu. Joséline alihamisha kidole. "Saa. Kamera. Mipangilio. Simu." Alirudisha kidole, akagusa tena, akagusa tena, kama mtoto anayebonyeza kengele ya baiskeli. Masunga alimtumia ujumbe mfupi ili ajaribu, naye akaufungua mwenyewe, kwa kugonga mara mbili, na ile sauti ikasoma bila kusita: "Dada Joséline, habari za asubuhi."

Thacienne aliweka kikombe chini. "Nani huyo anaongea?"

"Ni simu, mama."

"Simu inaongea namna hii?" Aliinuka akasogea, akainama karibu na kioo kilichopasuka. Kisha akageuka upande wa binti yake, akamwambia kwa Kirundi, lugha aliyoitumia moyo wake ulipojaa, "Mwana wanje," mwanangu.

Furaha ilikuwa kubwa, lakini jikoni ni jikoni. Kabla wiki haijaisha Joséline alikuwa ameanza kukuta mawe kwenye wali. Jiwe la kwanza aliligundua mama. Jua lilikuwa utosini, Thacienne anaandaa ugali, akauliza saa ngapi. Joséline akagusa simu. "Saa kumi na mbili mchana," simu ikajibu kwa heshima zote.

"Saa kumi na mbili gani hiyo?" Thacienne alishangaa. "Kuku wanalala sasa hivi?"

Simu ilikuwa imechukua saa za Kizungu ikazivika maneno ya Kiswahili. Asubuhi saa mbili iliita saa nane. Saa nne iliita saa kumi. Jiwe la pili lilimuuma Masunga mwenyewe, siku aliposikia simu ikisoma neno "ng'ombe". Ilipofika kwenye ile alama ya juu ilisimama, ikameza mate, ikaendelea: "Ngi. Ombe."

"Hapana," alisema Masunga, mtoto wa wafugaji. "Mengine yote nimevumilia. Hili hapana."

Jiwe la tatu halikuchekesha. Kila mara mtu alipopiga, simu ikishakatwa, sauti ilikufa. Ilibidi kuzima na kuwasha. Kwa mwenye macho ni usumbufu mdogo. Kwa Joséline ilikuwa kama mtu anayekushika mkono kuvuka barabara, halafu anakuachia katikati.

Mfumo wa majaribio ulikuwa na sehemu ya kupeleka taarifa kwa watengenezaji, na watu wengi, Masunga alimwambia, huipuuza. Joséline hakuipuuza. Alifanya kama anavyofanya mteja akirudisha sweta: hakusema tu "mbaya", alionyesha mshono ulipofumuka. Alirekodi simu ikikosea, kisha akarekodi sauti yake mwenyewe ikisema sawasawa. Alieleza kwa Kiswahili safi, kwa kuwa ndicho alichotaka wakisikie, kwamba huku siku inaanza jua linapochomoza, na saa moja ni saa ya kwanza ya mwanga. Kwamba hakuna binadamu anayesema saa nane asubuhi. Akarekodi saa zote, za mchana na za usiku, na alfajiri, na adhuhuri, na saa sita kasorobo. Akaongeza ng'ombe, ng'ambo na ng'aa, akamalizia na jinsi sauti inavyokufa kila simu inapokatwa. Akatuma.

Halafu alimshangaza Masunga.

"Sasa nitoe," alisema.

"Umeichoka?"

"Sijaichoka. Kuingia nimeingia. Nataka kujua mlango wa kutokea uko wapi, nikiwa bado natoka kwa hiari yangu."

Basi wakajifunza kutoka. Waligundua kwamba kutoka ni kugumu kuliko kuingia. Kujiondoa kwenye orodha ya majaribio kulizuia tu matoleo mapya yasije. Lile lililomo lilibaki. Kulitoa kabisa kulihitaji kuunganisha simu na laptopu, kufuta kila kitu, na kuweka upya mfumo rasmi. Hilo Masunga alilijua. Ambalo hawakulijua, na lililowatoa jasho, ni kwamba bakapu waliyoichukua simu ikiwa kwenye beta ilikataa kurudi kwenye mfumo rasmi. Mfumo wa zamani haukuielewa nakala ya mfumo mpya. Iliyokubali ni ile ya mwanzo, waliyoiweka kabla ya majaribio, ile ambayo Joséline aliiona haina maana.

"Kumbe ndiyo maana," alisema.

"Hata mimi leo ndiyo nimeelewa vizuri," Masunga alikiri.

Jioni ile Joséline alirekodi yote hayo kwenye kundi la wasioona. Alisema taratibu, kwa sauti yake isiyozunguka: msiweke kwenye simu mnayoitegemea, wekeni nakala kabla, na muitunze mbali, vitu mnavyovipenda, picha na sauti, vitoeni kimoja kimoja kama mafaili, msitegemee nakala kubwa peke yake. "Nyie wenzangu," alimaliza, "Kiswahili kinakuja. Lakini kisije kikatuacha kwenye giza la pili."

Wengi walimshukuru. Mmoja hakuwa amesikia kwa wakati.

Alikuwa Dorotea, mwalimu mstaafu wa Kapalamsenga, kando ya Ziwa Tanganyika. Macho yalimwacha uzeeni, kwa presha ya macho, na nukta nundu hakuijua. Kilichombakia ni nyimbo. Alitunga nyimbo za kwaya, na kwa kuwa hakuweza tena kuandika, aliziimba kwenye simu, sauti ya kwanza, ya pili, besi, kila moja mbali, kisha akawafundisha wanakwaya kwa kuwachezea. Kigango chao kilikuwa kinaelekea jubilei yake, na nyimbo zote za siku ile zilikuwa kwenye ile simu, hakuna mahali pengine. Mpwa wake aliyekuja kumsalimia, kwa mapenzi mema kabisa, alimwekea beta ili shangazi afurahie Kiswahili. Alifurahia siku chache. Likaja toleo jingine la majaribio, simu ikajisasisha yenyewe, na sauti ikafa. Zaidi ya hapo, simu ikaanza kujizima na kujiwasha, haitulii.

Alipiga kwa simu ya kuazima. "Mwanangu," alisema, na Joséline akasikia anavyojizuia, "walioishika wote wanasema haifunguki. Mmoja anasema nikubali ifutwe. Nyimbo zangu, mwanangu."

"Mwalimu, usimruhusu mtu yeyote afute. Panda gari uje Mpanda. Nitakuwa stendi nakusubiri."

Alikuwa stendi kweli, na bodaboda wawili anaowaamini. Wanawake wawili wasioona walikutana kwa kushikana mikono, na Dorotea akashika vidole vya yule mdogo kwa muda, akavipapasa. "Vya mfumaji," alisema.

Kibandani Masunga aliiwasha simu, na kabla hajafungua chochote ikazima. Akajaribu tena. Kila alipogusa kitu mara moja hakikufunguka, na alipokuwa anajiandaa kugusa tena, ikazima.

"Inawaka, inakaa kidogo, inakufa," alimweleza Joséline, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao sasa: yeye anasema anachokiona, naye anasema anachokijua.

"Inakufa wakati gani? Ukigusa, au yenyewe?"

Masunga alitazama vizuri. "Nikigusa. Ule mstari wa msomaji unatokea, unazunguka kitufe, halafu basi."

Vidole vya Joséline vilicheza juu ya goti, kama anahesabu mishono. "Inakufa ikitaka kuongea," alisema. "Sauti ndiyo inayoiangusha. Nipe."

Alishika simu, akangoja Masunga amwambie imewaka, na kabla haijaguswa kioo akabonyeza kitufe cha ubavuni mara tatu, haraka. Ndiyo njia ya mkato ya kumzima msomaji. Mwenye macho hana sababu ya kuijua. Asiyeona anaijua kama mlango wa nyumba yake.

Nje muuza mahindi alipita.

"Haijazima," Masunga alisema. Kisha kwa sauti ya juu zaidi: "Dada, imetulia! Na sasa inafunguka kwa kugusa mara moja!"

Dorotea aliingiza namba yake ya siri huku Masunga akimwelekeza kidole. Masunga akaunganisha laptopu, akaingia kwenye rekodi, akaanza kuzinakili, moja moja, kama Joséline alivyosisitiza. Zilipoisha alitaka kuendelea, lakini Joséline alikataa.

"Zifungue. Zote. Faili linaweza kuwa na jina lakini ndani hamna kitu."

Basi Masunga akaufungua wimbo wa kwanza, na sauti ya Dorotea ikatoka kwenye laptopu, ikiimba kwa Kibende, nzito na imara, na nyuma yake kwa mbali mawimbi ya ziwa. Dorotea mwenyewe, aliyekaa kwenye benchi, akaidaka sauti ya pili akaimba nayo. Watu waliokuwa wakipita walisimama. Mwenye duka la pili akapunguza redio yake. Walizisikiliza zote, hakuna iliyopotea, na walipofika mwisho kibanda kilikuwa kimezungukwa na watu waliosahau walikokuwa wanakwenda.

"Sasa ndiyo tunafuta," Joséline alisema.

"Kila kitu?" Dorotea aliuliza.

"Kila kitu, Mwalimu. Simu itabaki kama ilivyotoka kiwandani. Lakini nyimbo ziko kwenye laptopu ya Masunga, na ziko kwenye flashi hii. Ishike wewe. Usiiachie mpaka tumalize."

Dorotea alifumba mkono. Katikati ya kazi, mfumo rasmi ukiwa unaingia, umeme ulikatika mtaa mzima, na kutoka kila kibanda likasikika lile "aah" la watu. Pale kwa Masunga hakuna aliyesema aah. Laptopu ilikuwa imejaa chaji, simu imejaa chaji, na mfumo wenyewe ulikuwa umepakuliwa tangu alfajiri. Kazi iliendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, na Masunga, mtu wa maneno machache, alijikuta anapiga mluzi.

Simu iliwaka ikiwa safi, na ile sauti ya zamani, ya puani, ikasema kitu kama "karibu". Joséline alirudisha nyimbo, akamkabidhi mwenyewe. Dorotea aligusa, akatafuta, akagonga mara mbili, akasikia wimbo wake. Hakulia. Alisimama wima, kama mwalimu mbele ya darasa, akasema, "Nimefundisha watoto wengi sana. Leo mmenifundisha nyie wawili."

Siku ya jubilei aliwapigia simu na kuielekeza kwenye kwaya. Joséline alisimamisha mashine ya kufuma, akakaa na mama yake na Goreth na Masunga, wakasikiliza Kapalamsenga ikiimba.

Jibu la watengenezaji lilikuja kipindi kile kile. Liliandikwa kwa Kiswahili, na mtu aliyesema kuwa ni mmoja wa wanaoshughulikia sauti za lugha. Alimshukuru kwa taarifa za saa. Alisema watengenezaji wenzake walikuwa wameisikiliza rekodi yake yote, na akaomba ruhusa waitumie kupimia sauti mpya. Kuhusu sauti kufa, alisema walipata wengine walioripoti, lakini Joséline ndiye aliyeeleza kwamba inakufa simu inapokatwa, na hilo liliwaonyesha pa kutafuta. Joséline aliusikiliza ujumbe ule mara nyingi kuliko alivyopenda kukiri.

Mfumo ulipotoka rasmi, mvua za kwanza zilikuwa zimeanza kutuliza vumbi la Makanyagio. Safari hii Masunga mwenyewe ndiye aliyesema tuweke kwenye simu yako kubwa. Bado walitoa nakala kwanza. Iliwaka, ikaongea. Joséline aliuliza saa, ikasema saa tatu asubuhi, na ilikuwa saa tatu asubuhi. Masunga aliandika neno moja akasogeza simu karibu na sikio lake.

"Ng'ombe," simu ikasema, laini, bila kusimama.

"Mpigie baba yangu," alisema Masunga. "Mpigie sasa hivi asikie."

Wiki zilizofuata, wasioona walianza kuja. Wengine walitoka Misunkumilo, wengine mbali zaidi, wameongozwa na ndugu. Wapo waliokuwa bado kwenye beta na hawakujua watokeje, na Joséline aliwaeleza kwamba sasa haina haja ya kufuta: toleo rasmi limeshaipita beta, unalipokea, unajiondoa kwenye majaribio, vitu vyako vinabaki. Masunga aliongeza benchi. Watu wa mtaani, ambao zamani walimwita yule dada kipofu wa sweta, walianza kuelekeza wageni kwa jina jingine: nenda kwa fundi Joséline, akikosekana kwenye kufuma yupo kwa Masunga.

Thacienne alikwenda Katumba kwa mazishi ya jamaa, na baada ya mazishi, wanawake wamekaa wanamenya ndizi, mmoja alimuuliza kwa huruma yule binti yake asiyeona anaendeleaje siku hizi. Thacienne alifuta mikono. Akatoa simu yake ndogo ya aina ile ile, aliyonunuliwa na Joséline, akaibonyeza mbele yao wote. "Saa kumi kasorobo alasiri," simu ikasema.

"Mmesikia?" aliuliza. "Zamani ilikuwa haijui saa. Ni binti yangu aliyeifundisha."

Wanawake walimtazama kama mtu aliyezidiwa na msiba. Naye hakujali. Aliibonyeza tena, na kuanza kuwaeleza tangu mwanzo.